Mzee ameniuliza kama Google ni watu wa kuaminika, nimekosa jibu

FundiWaMsamvu

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi simu hapa Morogoro, kibanda changu kiko karibu na stendi ya Msamvu, mwaka wa kumi na moja sasa. Swali langu huenda mkaliona dogo ila limeninyima usingizi tangu juzi. Humu najua kuna wanasheria, kuna walioko nje, kuna watu wa kompyuta. Nisaidieni.

Juzi kaja mzee mmoja, mstaafu wa reli, mteja wangu wa siku nyingi. Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, bodi ikafa kabisa. Nimejaribu kila ninachokijua, haikuwaka. Mwanawe wa Mwanza akamtumia nyingine kwa basi. Mzee alikuwa mnyonge, na unyonge wenyewe haukuwa wa simu, ulikuwa wa picha. Mkewe alifariki 2021 na picha zake zote zilikuwa humo. Nikamuuliza kama anakumbuka paswedi ya akaunti yake ya Google. Akachomoa kwenye pochi kikaratasi kilichokunjwa mara nne, mwandiko wa binti yake. Nikaingiza, tukasubiri. Zikaanza kushuka, picha zaidi ya elfu nne.

Nilidhani atashangilia. Alinyamaza tu, anasogeza kwa kidole. Alipofika kwenye vile viduara vya nyuso akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Mashine ilikuwa imemkusanya marehemu mahali pamoja: yuko kwenye harusi ya mtoto wao, yuko shambani Mvomero, yuko kitandani hospitali. Na katikati iko picha moja ya studio ya mwaka 1978, ambayo mzee aliipiga kwa simu wakati wa msiba ili iwekwe kwenye ratiba ya mazishi. Msichana mdogo, nywele amezichana zikasimama, mkono kiunoni. Mzee anasema hata wajukuu hawaamini kuwa yule ni bibi yao. Mashine imemjua. Chini yake imeandikwa: ongeza jina.

Akaniuliza, "Kijana wangu, hawa waliomtambua mama yenu ni watu wa kuaminika?"

Nikamwambia mzee, hii ni Google, ni kampuni kubwa sana, iko Marekani. Akanijibu, "Ukubwa sijauliza. Wewe nakuamini kwa sababu kwenu nakujua, Kihonda. Ukinichezea naenda kwa baba yako. Hawa nikitaka kwenda kwa baba yao, nashukia kituo gani?"

Nilicheka, ila jibu sikuwa nalo.

Niwaambie kwa nini limenikaa rohoni. Kwa kazi yangu hii, mimi mwenyewe ni Google ndogo ya mtaa. Mtu akileta simu ibadilishwe kioo lazima aniachie PIN au patani, nijaribu tachi kabla sijamrudishia. Naiandika kwenye karatasi, naibandika mgongoni mwa simu kwa selotepu. Kwenye droo yangu kuna namba za siri za nusu ya Msamvu. Mwaka juzi nilimkuta kijana wangu wa kazi anapitia galari ya binti mmoja wa chuo. Nilimfukuza palepale, hata chai hakumaliza. Lakini yule binti sikumwambia. Mpaka leo sijamwambia.

Kwa hiyo nauliza kwa dhati, sitaki majibu ya kishabiki. Hizi kampuni kubwa tuziamini na mambo yetu au tusiziamini? Mzee anarudi Jumamosi.

KakaWaTegeta

Fundi unajichosha bure. Mimi sina cha kuficha. Wakitaka kuniona nakula ugali na dagaa, karibuni mezani.

FundiWaMsamvu

Kaka, wateja wasio na cha kuficha nawapokea kila siku. Nikimwambia tu "niachie simu saa mbili", ananiomba dakika moja, anageuka upande, anaanza kufuta. Dakika moja inakuwa ishirini.

MamaWawili

Fundi pole na kazi. Nikupe yangu, maana mimi sikumpa mtu yeyote taarifa zangu na bado niliumbuka.

Sijawahi kukopa kwenye simu hata shilingi. Miaka mitatu minne hivi iliyopita, nikiwa kazini (ni karani wa shule), ikaingia meseji: mwambie fulani alipe deni, wewe ni mdhamini wake. Fulani ni binamu yangu wa Tabata. Alikuwa amekopa elfu themanini kwenye programu moja ya mikopo, jina lake silitaji. Ilipomuomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu yake alibonyeza "ruhusu", akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Basi ikatuandikia wote: mimi, mwenye nyumba wake, mchungaji, fundi bomba, mpaka mkwe. Picha yake wakaizungushia maneno mekundu, MWIZI. Binamu alijitoa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na hadi leo hajarudi, harusi tunamtumia kadi kwa mkono.

Kwa hiyo mimi mlango wangu ulifungwa vizuri. Aliyeufungua ni mtu mwingine.

Baadaye nikaja kusoma habari za Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za siasa, ile kashfa iliyolipuka Machi 2018, nikaona ni hadithi ya binamu yangu kwa ukubwa wa dunia. Waliojaza lile jaribio la tabia kwenye Facebook walikuwa kama laki mbili na elfu sabini. Waliochukuliwa taarifa, kwa hesabu ya Facebook wenyewe, ni hadi watu milioni 87, kwa sababu jaribio liliruhusiwa kuchukua na za marafiki. Hao marafiki hawakubonyeza kitu. Facebook ndiyo iliyotengeneza huo mlango, na 2019 wakapigwa faini ya dola bilioni 5 huko Marekani.

Ila nikuchanganye kidogo, kwa sababu na mimi nimechanganyikiwa. Unajua nani aliyezinyang'anya programu za mikopo ruhusa ya kusoma majina na picha? Google. Waliweka hiyo amri kwenye duka lao kuanzia 31 Mei 2023. Sheria yetu ya taarifa binafsi ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kutumika mwezi huohuo, na Benki Kuu ilikuja kutoa orodha ya programu 69 zisizo na leseni Novemba 2024. Yaani yule ninayemwogopa ndiye aliyenifungia mbwa kwanza. Sijui niseme nini hapo.

FundiWaMsamvu

Dada umenigusa. Hizo programu siku hizi hazipiti dukani, zinatumwa kwa linki kama APK (faili la programu), watu wanapakua wenyewe. Kwa wiki nafuta mbili tatu, na mwenye simu ananiambia "acha kwanza hiyo, kuna hela naisubiri."

MtuWaKanairo

Niaje wadau, mimi ni wa Nairobi, Kiswahili changu mtakivumilia.

Mwisho wa Julai 2023 nilipanga laini pale KICC, ule ukumbi wa mikutano, kuanzia saa kumi na moja asubuhi. Worldcoin, kampuni ya sarafu ya mtandaoni, walikuwa wamekuja na ule mpira wao unaong'aa, unautazama, unapiga picha mboni za macho yako, halafu unapewa tokeni 25. Ukiziuza zilikuwa kama elfu saba za Kenya. Hiyo ni kodi ya nyumba ya mtu. Mwanzilishi mmoja wa hiyo kampuni ni Sam Altman, yule wa OpenAI, wenye ChatGPT. Sikumjua. Hakuna mtu kwenye ile laini alikuwa anamjua, na hakuna aliuliza. Nyuma yangu kulikuwa na mama amekuja na kitoto na thermos ya chai, anauza chai kwa laini na bado anashikiwa nafasi. Yeye ndiye alikuwa na akili kuliko sisi wote.

Sikufika mbele. Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha. Zaidi ya watu laki tatu na nusu walikuwa tayari wameshapigwa. Kesi ilienda Mahakama Kuu, na 5 Mei 2025 jaji akaamua taarifa za mboni zifutwe ndani ya siku saba, Kamishna wa Data akisimamia. Mahakama ilisema ukubali uliopatikana kwa kumwonyesha mtu pesa si ukubali.

Hapo kwa pesa ndiyo nilibaki nimenyamaza. Kwa sababu kama ningekuwa mbele siku ile, ningekubali, na hata leo unga ukipanda nikiulizwa sijui kama ningekataa. Nyinyi mnauliza kama kampuni inaaminika. Mimi najiuliza kama tumbo langu linaaminika.

Mzee wako mwambie picha si mbaya sana. PIN ikivuja anabadilisha. Asikubali tu kupeana macho.

MpembaUghaibuni

Assalaam alaykum nyote. Fundi, mie nipo Dublin, Ireland, mwaka wa tisa, nasafisha maofisi usiku. Google na Meta (wenye Facebook) makao yao ya Ulaya yapo mji huuhuu, kwa hiyo mzee akitaka kituo cha kushukia, karibu nipo nacho. Katika ofisi ninazosafisha mie, karatasi haitupwi ovyo. Kuna pipa la chuma lenye kufuli na tundu jembamba, unaingiza karatasi haitoki tena, na funguo sisi hatupewi. Kila nikilifuta vumbi huwaza, watu hawa kulinda siri wanajua sana. Siri zao.

Nataka nikwambie habari ya ahadi, maana kuaminiana ni ahadi. WhatsApp ilinunuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa dola bilioni 19. Wenyewe waliokuwa na WhatsApp wakaandika hadharani kwamba faragha ya watu haitaguswa. Facebook nao wakaiambia Tume ya Ulaya kuwa kuziunganisha akaunti za pande mbili kwa uhakika hawataweza. Haya, miaka miwili haijesha, Agosti 2016, masharti yakabadilishwa, namba za watu zikaanza kupelekwa Facebook. Tume ikagundua kuwa njia ya kuziunganisha walikuwa wakiijua tangu 2014. Faini, yuro milioni 110, mwaka 2017. Na waanzilishi walioahidi? Mmoja kaondoka 2017, wa pili 2018. Huyo wa kwanza kenda kutoa dola milioni 50 kuisaidia Signal, programu nyengine ya meseji.

Mie siwaiti waongo wale wawili. Pengine waliahidi kwa nia safi, wallahi sijui. Lakini aliyekuwa akiahidi siye aliyekuwa na nyumba. Alikuwa keshaiuza.

Na Afrika msione tupo nyuma. Nigeria waliwatoza Meta dola milioni 220 mwaka 2024 kwa mambo hayahaya ya WhatsApp, na baraza la rufaa likaithibitisha mwaka uliofuata. Moja ya hoja zao ilikuwa kwamba Mnigeria hakupewa hiari aliyopewa Mzungu wa Ulaya. Mie nikiwa hapa Dublin napata kisanduku cha kukataa. Dada yangu Wete, simu ileile, programu ileile, kisanduku hana.

Jengine, fundi. Wewe wateja wako unawazimia historia ya mahali walipo? Kama unazima ile moja tu, kwa miaka mingi ulikuwa hujazima kitu. Shirika la habari la AP lililifichua mwaka 2018: ukizima Historia ya Mahali, Google iliendelea kukuandika kupitia kitufe chengine kabisa, kile cha Shughuli za Wavuti na Programu. Novemba 2022 walikubali kuyalipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 kwa hilo. Haki yao niwape pia: tangu Desemba 2023 walitangaza kuwa ile ramani ya ulipopita itahamia kukaa ndani ya simu yako mwenyewe, si kwao.

FundiWaMsamvu

Sheikh umenimaliza. Nimewazimia watu kile kitufe kimoja tangu 2017, na wengine nimewatoza elfu mbili.

WakiliDodoma

Ndugu Fundi, nimesoma uzi wote. Nitaongea kifupi kwa sababu kesho nina kesi.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais 3 Aprili 2024, na ofisi ziko hapa Dodoma. Huyo mzee akihisi taarifa zake zimetumiwa vibaya anayo haki ya kulalamika, na kituo cha kushukia ni Dodoma, si Marekani. Kama Tume ina misuli ya kumkamata mtu wa Marekani, hilo ni suala jingine, tutaona.

Lakini sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya Google peke yake. Inamtazama anayekusanya na anayechakata taarifa za watu, na inamtaka azilinde, na ulinzi ukivunjwa atoe taarifa Tume bila kuchelewa. Wewe una droo.

Na hapa niseme kama mtu, kofia ya uwakili nimeivua. Umeandika aya nzima kuhusu kijana uliyemfukuza, na mstari mmoja kuhusu binti. Machi 2018 Google waligundua hitilafu kwenye mtandao wao wa Google+ iliyoweza kuacha wazi taarifa za akaunti hadi laki tano. Wakaziba, wakanyamaza. Umma ulijua Oktoba, gazeti la Wall Street Journal lilipoandika. Walisema hawakuona ushahidi kuwa kuna aliyeitumia hitilafu ile. Uber nao walivamiwa 2016, taarifa za watu milioni 57, wakawalipa wavamizi dola laki moja na kukaa kimya mwaka mzima. Mkuu wao wa usalama alitiwa hatiani na mahakama 2022. Wote hao walikuwa na sababu kama yako. Mimi binafsi siipimi kampuni kwa kuvamiwa, maana kila mtu huvamiwa. Naipima kwa siku ngapi ilikaa kimya.

Yule binti ni mwaka wa ngapi sasa?

KakaWaTegeta

Duh. Fundi kaja na kesi ya Google katoka na kesi yake.

FundiWaMsamvu

Wakuu, nimekaa kimya siku nne, samahanini. Wakili, wa tatu. Yuko mwaka wa tatu. Namba yake ninayo. Nimeandika meseji mara tatu nikafuta. Niacheni kwanza na hilo, nitalimaliza, ila si hapa.

Droo nimeimwaga. Karatasi zilijaa kopo la rangi la lita nne, nimezichoma nyuma ya kibanda, mama lishe wa jirani akadhani nimepata wazimu. Sasa mteja anaweka PIN mwenyewe mbele yangu, au nambadilishia kioo akiwa amekaa. Mwenye Samsung za karibuni namwashia ile hali ya matengenezo, inaficha picha na meseji zake na mimi nabaki na simu tupu ya kujaribia. Ilikuwepo muda wote, nilikuwa mvivu.

Mzee alikuja Jumamosi na binti yake. Nikamweleza yote mliyoandika, na la macho, na la kitufe cha pili, na la nyumba iliyouzwa. Alisikiliza kama anasomewa mkataba wa ajira. Kisha akasema tufanye kazi.

Tulichokikuta humo, wakuu, acheni. Kitambulisho cha NIDA, mbele na nyuma. Hati ya kiwanja kurasa zote. Kadi ya benki, na kando yake, kwenye karatasi, PIN kwa mwandiko wa kalamu nene, mzee kaipiga picha "nisiisahau". Binti yake alishika kichwa. Tumefuta, na kwenye pipa tumefuta tena, kwa sababu zikiwa na bakapu zinakaa mle siku 60. Benki ameshabadilisha PIN. Picha zote zilizobaki nimezinakili kwenye flash mbili, moja ya kabatini kwake, moja ya binti.

Tukafika kwenye viduara. Nikamwambia mzee, hii kazi ya kutambua nyuso inazimika. Akafikiri, akasema zima. Nikazima. Viduara vyote vikaondoka, na cha mama pia.

Akaniuliza, "Sasa imemsahau?"

Nikamwambia Google wameandika kwamba ukizima, yale makundi ya nyuso yanafutwa.

"Wameandika," akasema mzee. Akachukua simu yake wakaondoka.

Jumatatu saa mbili asubuhi sijafungua hata kufuli, yuko mlangoni peke yake. Anasema usiku alitaka kumwona mkewe akatafuta katikati ya picha elfu nne, akapata mbuzi, akapata mabomba ya maji, akapata risiti za dawa, yeye hakumpata mpaka alipochoka. Kile kiduara alikuwa akikifungua kila usiku kabla ya kulala, kwa siku zile chache tu, na amezoea.

Nikamkumbusha yale mliyosema. Akaniambia anayakumbuka yote, haniulizi tena kama ni watu wa kuaminika. Anataka niwashe.

Nimewasha. Ilichukua mpaka jana vikarudi. Safari hii ile picha ya 1978 imekaa peke yake, duara lake mbali, kama mtu mwingine. Mzee akaikagua, akanirudishia simu nimwonyeshe pa kuunganisha. Mashine ikauliza kama hawa wawili ni mtu mmoja. Akabonyeza ndiyo mwenyewe, kwa kidole cha shahada, polepole, halafu pale penye "ongeza jina" akaandika "mke wangu".

Kazi hiyo sikumtoza. Flash amelipa.